Injini ikizima Rumonge, chikichi hazisubiri

Mfanyabiashara anayefuata mawese Rumonge, awe ametoka Bujumbura, Kigoma au ng'ambo ya ziwa upande wa Baraka, huuliza kwanza bei ya dumu. Swali la pili wengi hulisahau mpaka yawafike: injini ya kinu iko katika hali gani? Malipo ya awali yamekwisha kutolewa, gari au boti imekwisha kukodiwa, na mikungu imekwisha kukatwa. Injini ikigoma asubuhi hiyo, hasara huanza kuhesabiwa papo hapo. Mara nyingi chanzo chake si chuma kilichovunjika, bali ni kitu kidogo kama maji kidogo yaliyoingia kwenye mafuta.

Ukanda wa Ziwa Tanganyika kuanzia Rumonge kuteremka hadi Nyanza-Lac ndio kitovu cha mawese nchini Burundi. Sehemu kubwa ya matunda ya wakulima wadogo hukamuliwa kwenye vinu vidogo. Vingine huzungushwa kwa mikono, vingine kwa injini ya dizeli ya silinda moja. Kinu cha injini hufanya kazi haraka na kukamua mafuta zaidi, lakini siku injini inapozima, kila kitu husimama pamoja nayo.

Na tunda la mchikichi halina subira. Mara linapokatwa, hasa likigongwa au kupasuka, kimeng'enya kilichomo kwenye nyama yake huanza kuyavunja mafuta na kuyageuza asidi. Ndiyo maana matunda hutakiwa kuchemshwa na kukamuliwa ndani ya siku moja au mbili. Katika biashara ya kimataifa, mafuta ghafi ya mawese hutakiwa kuwa na asidi isiyozidi asilimia 5. Yakipita hapo, mnunuzi huyahesabu kuwa mafuta ya sabuni, na bei nayo huwa ya sabuni. Kwa hiyo injini iliyolala siku tatu haikucheleweshi tu; inaushusha mzigo wako daraja.

Kuna la kufanya hata kabla fundi hajafika: chemsha matunda yaliyokwisha kukatwa. Joto la kuchemsha huua kile kimeng'enya, na ingawa matunda hayo hayatakaa wiki nzima, unakuwa umejinunulia muda.

SOMA KIBATI KABLA YA KUNUNUA SPEA

Injini nyingi za vinu hivi zimetengenezwa China. Zina silinda moja iliyolala, tangi la maji juu na gurudumu zito ubavuni. Ni injini zilezile zinazosaga mahindi na muhogo, zinazovuta maji ya kumwagilia, zinazoendesha jenereta na trekta la mkono, na kwingineko zinazoendesha mashine za kukata majani. Kwa hiyo haya yanayosemwa hapa kuhusu kinu cha mawese yanamhusu pia mwenye mashine hizo.

Kila injini ina kibati chenye jina la aina yake, na jina hilo lina maana. Katika S195, tarakimu ya kwanza, yaani 1, ni idadi ya silinda, na 95 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. R175 ina silinda moja yenye kipenyo cha milimita 75, na ZS1115 ina moja ya milimita 115. S195 hutoa nguvu farasi 12 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, na ZS1115 hutoa kiasi cha 22.

Anayenunua spea Kigoma au Bujumbura ili aziuze Rumonge asiende na jina la rangi lililoandikwa kwenye tangi. Viwanda vingi hutengeneza aina moja ya injini kwa majina tofauti, na kinachomwongoza mwenye duka ni namba ya kibati. Nozeli ya S195 ina tundu moja lenye sindano katikati, lakini ya ZS1115 ina matundu kadhaa madogo. Ukikosea hapo, umesafirisha spea, au pyesi kama zinavyoitwa upande wa Burundi na Kongo, ambazo hakuna wa kuzinunua. Kinga nzuri ni kubeba ile kuukuu mkononi na kuilinganisha na mpya kabla ya kulipa.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba sindano ya nozeli na nyumba yake ni jozi. Pistoni ndogo ya pampu ya mafuta na silinda yake nazo ni jozi. Nafasi iliyopo kati yake ni sehemu chache tu za elfu ya milimita. Fundi akichukua sindano ya huku akaitia kwenye nyumba ya kule, nozeli itavuja hata kama zote mbili zinang'aa. Hununuliwa na kubadilishwa pamoja.

MAZUTU YA KWENYE DUMU

Burundi imepita katika miaka ya uhaba mkubwa wa mafuta. Mazutu, kama dizeli inavyoitwa hapa, mara nyingi hufika kinuni ikiwa kwenye dumu lililopita mikono mingi. Baadhi ya madumu hayo yalibeba maji jana, mengine yalibeba mawese yenyewe. Hapo ndipo ugonjwa wa injini unapoanzia.

Kuna pia mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2011 Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji huo, kwa sababu tofauti ya bei ilikuwa inawashawishi wauzaji. Injini inaweza kuwaka kwa mchanganyiko kama huo, lakini mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi kama dizeli. Pampu na nozeli hulainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita ndani yake, hivyo mafuta mepesi huzila polepole hadi injini inakosa nguvu bila sababu ya kuonekana kwa macho.

Kipimo cha bei nafuu ni chupa safi inayoonyesha ndani. Ijaze mazutu kabla ya kuyamimina kwenye tangi na uiache itulie usiku kucha. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hushuka chini na kujitenga kwa mstari unaoonekana. Mchanga na kutu navyo hulala chini. Mazutu yenye ukungu usiotulia yana maji ndani yake.

Dumu au pipa zima nalo liachwe litulie siku moja au mbili kabla ya kutumiwa. Vuta mafuta kwa mpira kutoka juu, na yale ya chini kabisa yasiguswe. Yapitishe kwenye kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Jioni, kama mafuta yapo, jaza tangi la injini. Tangi lililo nusu tupu hubaki na hewa yenye unyevu, na baridi ya usiku ukingoni mwa ziwa huugeuza unyevu huo kuwa matone ya maji. Asubuhi, fungua kizibo cha chini ya tangi utoe kidogo kwanza, uone kama ni mafuta au maji.

Filta ya mafuta ni spea ya bei ndogo kuliko karibu kila kitu kingine kwenye injini. Mwenye kinu anayekawia kuibadilisha ili aokoe fedha hizo hatimaye hununua nozeli, kisha pampu.

IKIGOMA KUWAKA, FUATA MPANGILIO

Makosa mengi hufanyika kwa haraka. Injini ikigoma, mtu hukimbilia kufungua hedi, na akiifungua huwa ameongeza gharama ya gasketi juu ya tatizo alilokuwa nalo. Ni afadhali kuanzia kwenye rahisi kwenda kwenye gumu.

Kwanza, je, mafuta yapo na bomba la tangi liko wazi? Tazama pia tundu dogo la hewa kwenye kifuniko cha tangi. Likizibwa na vumbi lililochanganyika na mafuta, mazutu hayateremki, na injini huwaka kisha huzima baada ya muda mfupi.

Pili, toa upepo. Tangi likikauka hata mara moja, hewa huingia kwenye mpira na kwenye pampu, na pampu haiwezi kusukuma hewa kama inavyosukuma mafuta. Legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye filta au pampu, acha mafuta yatiririke hadi mapovu yaishe, kisha kaza. Baada ya hapo legeza nati ya bomba la chuma pale linapoungana na nozeli, zungusha injini kwa mpini mpaka mafuta yatoke kwa kuruka, kisha kaza tena.

Tatu, sikiliza nozeli. Ukizungusha injini taratibu ikiwa imezima, nozeli nzima hutoa mlio mfupi mkavu kila inapopuliza. Usipousikia, ama mafuta hayafiki au nozeli imeziba. Anayeifungua ili aijaribu nje asiweke kiganja mbele yake. Mafuta hutoka kwa shinikizo la zaidi ya bar 120, na unyunyu huo unaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini. Jeraha lake huonekana dogo kama la sindano, lakini ni la kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.

Nne, pima mgandamizo. Zungusha bila kuinua kile kiwiko cha kupunguza mgandamizo. Injini nzima hukataa kwa nguvu na kurudisha mpini. Ikizunguka kilaini tu kama gurudumu la baiskeli, basi ringi zimekwisha, valvu hazifungi, au gasketi ya hedi imeungua. Sasa ndiyo saa ya kumwita fundi.

MOSHI UNA HABARI

Mfanyabiashara asiyejua kushika spana anaweza kutambua mengi kwa kutazama bomba la moshi kwa dakika kumi tu.

Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua yote. Ama injini imebebeshwa mzigo kupita nguvu zake, ama chujio la hewa limeziba, ama nozeli inadondosha badala ya kupuliza. S195 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote huchoma karibu lita 2 na nusu za mazutu kwa saa. Pale ambapo kila lita imetafutwa kwa shida, moshi mweusi ni fedha inayopaa ukiitazama.

Moshi wa buluu maana yake injini inachoma oili. Ringi au silinda imechakaa, au oili imejazwa kupita alama. Mwenye kinu wa namna hiyo atakuambia kwamba huongeza oili kila asubuhi, na hilo ni jibu tosha.

Moshi mweupe wakati wa kuwasha asubuhi si wa kutisha. Ukiendelea baada ya injini kupata joto, kuna maji kwenye mafuta, kuna maji yanayopenya kwenye gasketi ya hedi, au mafuta hayaungui kwa sababu mgandamizo ni mdogo.

MAJI YA ZIWA, OILI NA HEWA

Injini nyingi za aina hii hupozwa kwa maji yanayochemka na kupaa kama mvuke kutoka kwenye tangi la juu, hivyo maji huongezwa kila mara. Mkono wa kwanza hapa hukimbilia ziwani. Lakini maji ya Tanganyika yana madini mengi, hasa magnesi. Mvuke ukipaa, madini hubaki na kugandamana kuzunguka silinda kama ule ukoko ulio ndani ya birika la chai. Ukoko huo huzuia joto kutoka, na siku moja pistoni hukwama. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ni bora zaidi, na kinu chenye paa hakikosi njia ya kuyakinga.

Injini ikikaukiwa maji na kuchemka, usiimiminie ya baridi. Chuma cha moto kikikutana na maji ya baridi hupasuka, na hedi iliyopasuka haina dawa ya bei ndogo. Ipunguzie mzigo, izime, na uiache ipoe kabisa.

Oili hupimwa kila asubuhi injini ikiwa imezima na imesimama sawasawa. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya saa 100 za kazi, na injini mpya hubadilishiwa ya kwanza mapema zaidi. Kinu kinachofanya kazi saa 8 kwa siku hufikisha saa 100 kwa siku 12 au 13. Daftari la shule lililotundikwa ukutani, lenye mstari mmoja kwa siku, linatosha kuhesabu. Iliyotolewa isimwagwe ardhini wala ziwani, kwa sababu maji hayohayo ndiyo ya kunywa na ya kuvulia ndagala.

Chujio la hewa nalo lina bakuli la oili chini yake. Vumbi la njia na makapi ya chikichi hunaswa humo. Likijaa tope, lisafishwe na kutiwa oili mpya hadi kwenye alama, isipite hapo. Likijazwa kupita kiasi, injini huivuta oili hiyo kama mafuta ya kuchoma na kuanza kukimbia yenyewe bila kusikiliza kidhibiti. Injini ikikimbia namna hiyo, kuizima kwa kufunga mafuta pekee huenda kusisaidie. Ziba njia ya hewa kwa ubao bapa, usitumie mkono, na wote wasimame mbali na gurudumu.

JE, MAWESE YANAWEZA KUINGIA TANGINI?

Panapokosekana mazutu na madumu ya mawese yamejaa uani, wazo hilo huja lenyewe. Wala si la kijinga. Rudolf Diesel, Mjerumani ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897, alieleza mwenyewe kwamba katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ndogo ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga.

Tatizo ni uzito wa mawese. Hata yakiwa na joto la nyuzi 40, ni mazito takribani mara kumi kuliko dizeli, na chini ya nyuzi 35 au hivi huanza kuganda. Usiku wa Rumonge ni baridi kuliko hapo, kwa hiyo asubuhi mpira na filta huwa vimejaa siagi. Hata injini ikiwaka, nozeli ya kawaida haiwezi kuyapuliza kwa unyunyu mwembamba. Huacha kaa kwenye nozeli, huzigandisha ringi na kuharibu oili. Dizeli ya mimea inayotengenezwa kiwandani kwa mawese na methanoli ni kitu kingine kabisa. Mawese ghafi yana bei nzuri yakiwa kwenye dumu la mnunuzi. Yakiingia tangini hugeuka gharama.

MKONO NA PUMZI

Mpini wa kuwashia umevunja vidole na mikono ya wengi. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiuzunguke mpini, ili ukirudi nyuma uteleze kutoka kiganjani. Mkanda unaotoka kwenye gurudumu kwenda kwenye kinu uwekewe kizuizi cha mbao au bati. Kanga, kanzu na mikono mirefu ya shati visisogee karibu nao. Bomba la moshi litoke nje ya banda, kwa kuwa moshi wa injini una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kibanda kilichofungwa kwa sababu ya mvua kinaweza kuwa kaburi.

KWA ANAYEVUKA MPAKA

Burundi iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia mwaka 2022. Utaratibu rahisi wa Jumuiya humruhusu mfanyabiashara mdogo kutumia cheti chepesi cha uasilia kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa imezalishwa ndani ya nchi wanachama na imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Spea iliyotengenezwa China haiwi ya Afrika Mashariki kwa sababu tu imenunuliwa Kigoma. Anayepita nayo Manyovu na Mugina abebe risiti ya duka na karatasi za ushuru uliokwisha kulipwa, ili asilipishwe bila hesabu.

Na kabla ya kumkabidhi mwenye kinu malipo ya awali, fika mapema siku moja. Mwombe awashe injini ikiwa bado baridi. Tazama rangi ya moshi, tazama chupa ya mazutu, vuta kijiti cha oili, uliza filta ilibadilishwa lini, na uliza kama nozeli ya akiba ipo kwenye kabati. Kinu chenye nozeli moja, filta mbili, gasketi ya hedi na mkanda wa akiba hakilali siku tatu kikisubiri gari la Bujumbura.

Asiyekuwa navyo si lazima umkimbie. Unaweza kumletea katika safari yako ijayo na kumkata kwenye hesabu ya mawese. Yeye atapata spea bila kufunga kinu, nawe utakuwa na uhakika kwamba mikungu itakapokatwa, kutakuwa na injini ya kuisubiri.